Akiba ya Uzee Isivunjwe na Shida ya Wiki Moja

Leo nazungumza na mama anayeuza unga sokoni na papa mwenye shamba la kakao kule Mangina, watu wasio na mwajiri wa kuwaandalia uzee.

Mfanyakazi mwenye mkataba wa kazi ana CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwa pensheni anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 5, na pesa hiyo haiguswi ovyo. Kwa jirani zetu wa Uganda, tangu 2022 mwanachama wa NSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake. Wewe usiye na mkataba wa kazi, kufuli ya akiba yako unaifunga mwenyewe.

Wengi hufungia pesa COOPEC, yaani ushirika wa akiba na mikopo, kwa muda maalumu. Tuseme umeweka dola 600 kwa mwaka, riba asilimia 6. Muda ukitimia, unapata dola 36 juu yake. Lakini baada ya miezi kumi mtoto anaugua, unavunja mkataba, na mara nyingi riba yote inapotea. Miezi kumi umejinyima bure.

Basi tufanye hivi. Badala ya mkataba mmoja, fungua mitatu ya dola 200. Shida ikibisha, vunja mmoja tu: utapoteza dola 12, na 24 zitaendelea kukungoja. Tena panga mmoja uishe kabla ya Septemba, minervali ya shule ya watoto isikukute mikono mitupu.

Pesa ya dharura nayo iwe na mahali pake. Katika AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana, kila mkutano mnachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mkigawana mwisho wa mzunguko, toa sehemu uipeleke kwenye akiba ya uzee.

Najua, hapa kwetu Beni na Butembo watu wamekimbia usiku bila kubeba hata sufuria. Ndiyo maana sisemi ufungie kila kitu. Pesa ya chakula na ya njia ibaki karibu.

Na kabla ya kutia sahihi, hakikisha COOPEC hiyo ina kibali cha Benki Kuu ya Kongo, kisha uliza: nikitoa kabla ya muda, nitapoteza nini? Jibu liandikwe kwenye mkataba, nawe ubaki na nakala yako.