Siku Tatu na Wiki Tatu: Kuikabili Hofu ya Mimba Isiyotarajiwa

Mada ya elimu ya afya ya uzazi kwa wakazi wa kata



Miongoni mwa huduma zinazotolewa katika zahanati na vituo vya afya, ipo moja ambayo wengi huifuata wakiwa wamekwisha kuchelewa. Umbali huchangia, lakini kinachochelewesha zaidi ni hofu ya mtu anayedhani ameshika mimba asiyoitarajia. Mtu huyo hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, na hathubutu kusema. Huhesabu siku kwa vidole, akafika mwisho, akaanza upya. Jambo kuu la mada hii ni kwamba hofu hiyo ina kalenda yake. Anayeijua kalenda hiyo hupata msaada ungali upo.

Yafaa kuanza na mfano, ambao si habari ya mtu fulani ila unafanana na mengi yanayotokea. Binti wa miaka 19, aliyemaliza shule na anayefanya vibarua katika mashamba ya zabibu, alikutana na mchumba wake Ijumaa jioni, na kondomu ikapasuka. Jumamosi alinyamaza. Jumapili shoga yake alimshauri anywe chai ya rangi nzito kupindukia. Jumatatu aliazimia kwenda zahanati, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na korongo limejaa. Kama ijulikanavyo katika nyanda hizi, korongo likijaa hakuna apitaye. Alifika Jumanne asubuhi, saa 72 zikiwa zimekwisha kupita.

Siku tatu za kwanza

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vyema zaidi vikimezwa mapema, na hasa ndani ya saa 72 tangu tendo. Vinaweza kutumika hadi siku ya tano, ingawa nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisipevuke. Haviharibu mimba iliyokwisha kutunga, na havimfanyi mtu kuwa mgumba. Aliyetapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza anapaswa kurudia. Kitanzi cha shaba kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku tano huzuia mimba kwa uhakika mkubwa kuliko vidonge, na huendelea kumlinda mwanamke kwa miaka mingi.

Kwa hiyo binti yule, aliyefika siku ya nne, hakuwa amekosa kila kitu. Lakini lipo lililokuwa limempita. Dawa za kumkinga mtu aliyekuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na baada ya hapo hazianzishwi tena. Kwa mtu aliyebakwa, jambo hili ni la haraka kuliko yote: aende kituo cha afya mara moja, kabla ya kuoga, na matibabu yasingoje mashauri ya wazee. Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lipo kwa ajili yake, na kwa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Wiki tatu za kungoja

Zikipita siku tano, huja kipindi kigumu zaidi, cha kungoja. Kipimo cha mkojo hakiwezi kutoa jibu siku chache baada ya tendo. Huanza kuaminika tangu siku ambayo hedhi ilitarajiwa na haikuja. Kwa asiyejua tarehe zake, zihesabiwe siku 21 tangu tendo. Mkojo wa asubuhi ndio unaofaa. Jibu likiwa hakuna mimba na hedhi bado haijaja, kipimo kirudiwe baada ya wiki moja. Kupima kila siku kabla ya wakati hulisha hofu na kumaliza fedha katika duka la dawa muhimu.

Ieleweke pia kwamba hedhi huchelewa kwa sababu nyingi. Ugonjwa, kupungua uzito, kazi nzito na wasiwasi wenyewe huweza kuisogeza. Sindano ya uzazi wa mpango huweza kuikatisha kwa miezi. Kwa upande mwingine, yuko mama mwenye mtoto wa miezi minane ambaye hana wasiwasi wowote kwa kuwa hajaona hedhi tangu ajifungue. Kunyonyesha humkinga mama ikiwa tu mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya bila kupewa kitu kingine, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja katika hayo matatu, mama anaweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi ya kwanza.

Katika siku za kungoja, yapo mambo manne yanayosaidia. La kwanza ni kuandika tarehe mbili: ya hedhi ya mwisho na ya tendo lenyewe. La pili ni kuchagua siku ya kupima na kuiacha akili ipumzike hadi siku hiyo. La tatu ni kumwambia mtu mmoja anayeaminika, awe shangazi, dada au muuguzi, ambaye kutunza siri ni wajibu wa taaluma yake. La nne ni kula, kulala na kuendelea na kazi za kila siku. Anayefikia kuwaza kujidhuru asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe kituo cha afya. Jina la Hospitali ya Mirembe limefanywa mzaha mitaani kwa miaka mingi, ilhali huduma za afya ya akili zimeokoa uhai wa wengi.

Jibu linapopatikana

Asiye na mimba asiishie kushukuru tu. Siku hiyo hiyo aulizie njia ya uzazi wa mpango inayomfaa: vidonge, sindano, vijiti au kitanzi. Huduma hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mwanamume anakaribishwa kuzifuata pamoja na mwenzake.

Mwenye mimba aanze kliniki kabla ya wiki 12, apimwe damu na shinikizo la damu, na apewe vidonge vya kuongeza damu. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kutokwa damu au kuzirai ni dalili za kukimbilia hospitali, kwani mimba huweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Majivu, sabuni ya unga, mizizi na vidonge visivyojulikana vimewaua wanawake na kuwaacha wengine na majeraha ya kudumu. Na aliyekwisha kutumia vitu hivyo, kisha akatokwa damu au akapata homa, asijifiche ndani kwa aibu. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa kwa kila mwanamke, na kila saa anayochelewa ni hatari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa wazazi, lipo neno la pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito, kutoka asilimia 27 ya utafiti wa 2015 hadi 2016. Hatua imepigwa, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa mujibu wa Sheria ya Elimu, na shauri hilo halimalizwi nyumbani kwa ng'ombe. Naye mwanafunzi hapotezi shule. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurejea masomoni katika mfumo rasmi. Mzazi anayelijua hilo hana sababu ya kumwambia bintiye kwamba maisha yamekwisha.

Binti wa mfano alipoteza siku nne, na korongo lilimzuia kwa moja tu. Nyingine zilipotea kwa kukosa mtu wa kumwambia. Kila nyumba katika kata hii inaweza kuwa na mtu huyo: mama asiyeanza kwa kufoka, baba asiyeanza kwa fimbo, rafiki anayesema, "Twende zahanati leo."