Matumizi ya Nyumbani Wakati wa Sikukuu za Mwisho wa Mwaka

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya kahawa, Kilimanjaro)



Mmezoea kuniona nikifika chamani na kuuliza habari za stakabadhi na mizani. Leo nimekuja kuzungumzia kitabu ambacho sina mamlaka ya kukikagua, nacho ni kitabu cha matumizi ya nyumba ya mwanachama. Nakizungumzia kwa sababu kosa lililofanyika humo mwezi wa Desemba, mara nyingi nalikuta Januari ndani ya vitabu vya chama.

Sote twajua Desemba ilivyo huku mlimani. Watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea kihambani kula Krismasi na wazazi wao. Mbuzi huchinjwa, mbege hupikwa, shangazi hungojea kanga, na mjukuu hungojea viatu. Mambo haya ni mema, wala sikuja kuhubiri uchoyo. Zawadi huwakumbusha watoto wetu kwamba wana kwao.

Lakini siku saba baada ya Krismasi, Januari imekwisha bisha hodi. Shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba ada imefutwa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Lakini sare, madaftari, viatu na nauli havikufutwa. Mibuni nayo yataka kupogolewa, na dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani haingoji mwenye shamba apate fedha. Mahindi ya masika bado hata kupandwa, na tumbo halina likizo.

Nitawapa mfano niliouona mwenyewe, bila kutaja chama wala mtu. Mwezi mmojawapo wa Januari nilihesabu fedha katika kasha la chama, nikakuta upungufu. Mahali pa noti palikuwa na vipande vya karatasi kumi na saba, kila kimoja kikiwa na jina la mwanachama na maneno haya: “Nitarudisha baada ya sikukuu.” Katibu yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa huruma, aliyeshindwa kumkatalia jirani aliyemwambia kwamba wageni wake wako njiani. Hata hivyo, mkaguzi hahesabu huruma. Niliandika taarifa, naye akauza ng’ombe wake wa maziwa ili kufidia fedha ambazo yeye mwenyewe hakuzila. Miongoni mwa waliokopa, wengi walikuwa wamekwisha sahau hata nyama yenyewe. Mpaka leo nikifungua kasha la chama mwezi wa Januari, humkumbuka mtu yule.

Basi tufanyeje? Nashauri kwamba fedha igawanywe kabla shilingi ya kwanza haijatoka nyumbani, nayo igawanywe na mume na mke wakiwa wameketi pamoja, daftari likiwa mbele yao. Tuseme nyumba imepata shilingi 900,000 kutokana na kahawa na ndizi. Wanaweza kuweka shilingi 250,000 kwa mahitaji ya shule. 200,000 kwa shamba. 200,000 kwa chakula hadi mwisho wa Machi. 100,000 kwa kulipa deni. Na 60,000 kuwa akiba ya maradhi na dharura. Zinabaki 90,000. Hizo ndizo za sikukuu, nazo zitumike kwa furaha bila kinyongo. Zikiisha, sikukuu imekwisha. Kila nyumba ina hesabu yake, lakini utaratibu ni mmoja: sikukuu iwe na fungu lake, isile fungu la mwenzake.

Fungu dogo halina maana ya sikukuu ndogo. Nyumba nne zaweza kuchangia mbuzi mmoja. Sare mpya na madaftari yaliyofungwa vizuri ni zawadi atakayoifurahia mtoto Desemba na kuivaa Januari. Nanyi wazazi, waandikieni au wapigieni simu watoto walio mijini mapema, muwaambie waziwazi nyumba inahitaji nini. Mtoto aletaye chupa mbili za dawa ya mibuni hakuja mikono mitupu.

Jambo moja nalikataza kabisa: kuuza kahawa ikiwa bado mtini ili kupata fedha za sikukuu. Wenzetu wa Kagera huita biashara hiyo butura, nao wanaujua uchungu wake. Mnunuzi wa namna hiyo hununua shida yako, kwa bei aitakayo yeye. Siku ya mavuno utachuma kwa mikono yako kahawa isiyo yako, na chama chako kitakosa kilo zake.

Ndugu Makatibu, nanyi lindeni kasha. Mwanachama akija na ombo la huruma, mpelekeni kwenye utaratibu wa mikopo uliowekwa na chama. Kama hakuna, mjibuni kwa upole kwamba fedha zile ni za wote. Kumkatalia Desemba ni kumhifadhia heshima yake, na yenu, Januari.

Wazee wetu walioanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kisha chama kikuu cha KNCU mwaka 1933, walijifunza kupima na kuandika kila ratili. Sisi tuchukue kalamu ile ile tuiingize nyumbani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawatakieni sikukuu njema, na Januari njema zaidi.