Tumlipe Mhandisi Kabla ya Kulipa Kijiko

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wana Same Mashariki tunaoishi Dar es Salaam, Mbagala

Katibu ameniambia nisizidi dakika 20, na mimi mwenyewe nasikia harufu ya makande, kwa hiyo sitawachosha.

Wasionifahamu niwaambie kwamba mimi si mhandisi. Nimestaafu kazi ya ufundi katika maabara ya udongo wa barabara. Kazi yangu ilikuwa kuletewa udongo kwenye mifuko, kuukausha, kuupima, kuubana mpaka uvunjike, na kumwandikia mhandisi namba. Namba hizo zimeniokolea watu mara nyingine. Mara nyingine ziliachwa kwenye faili.

Katika ajenda ya leo kuna mapendekezo mawili kuhusu barabara zetu za mlimani. La kwanza ni kutenga fedha za kukodi kijiko na kununua dizeli kila kifusi kikifunga njia. La pili ni kujenga ukuta wa mawe kwenye ile kona inayotusumbua kila vuli. Naomba, kabla ya kuyapigia kura, msikilize la tatu: tumlipe mhandisi wa udongo na miamba apande juu mara mbili kwa mwaka, atazame miteremko iliyo juu na chini ya barabara, aandike, na atuambie ipi imeanza kusogea.

Wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi Novemba 2009, habari za Goha zilipofika. Mvua ya vuli ilinyesha, mlima ukashuka juu ya nyumba kule Mamba Miamba, na watu zaidi ya 20 wakafa. Baadhi yenu mliomo humu mlipanda basi Ubungo kwenda kuzika. Tangu hapo tumechanga kwa ajili ya madawati, mabati ya zahanati, vifusi, rambirambi. Sijaona mwaka hata mmoja tuliochanga ili tujue ni mteremko upi unafuata.

Tusidhani ni jambo la kwetu tu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Mlima ule watu waliuona kila asubuhi walipofungua mlango, kama sisi tunavyoiona milima yetu.

Niwaeleze kwa ufupi kinachotokea ndani, maana mtu akielewa hili ataelewa ninachoomba. Milima ya Upare ni miamba ya zamani sana. Kwa miaka mingi mno jua na maji vimeugeuza mwamba wa juu kuwa udongo mwekundu, mahali pengine wa kina kirefu kuliko nyumba. Chini ya udongo huo kuna mwamba mgumu. Mvua ikizama, maji hushuka mpaka yakutane na mwamba, yanakosa pa kwenda, yanajaa. Udongo uliokuwa umeshikana kwa kubanana huanza kuachiana, kwa sababu sasa kuna maji yanayousukuma kutoka ndani. Hapo ndipo sisi tumepitisha barabara. Kuchimba barabara ubavuni mwa mlima ni sawa na kumkata mtu mguu kisha kumwambia asimame. Mteremko unabaki umesimama kwa mazoea, mpaka siku maji yatakapozidi.

Ndiyo maana kifusi mara nyingine huanguka jua likiwa linawaka. Watu wanasema ni ajabu. Si ajabu, maji ya juzi ndiyo kwanza yamefika chini. Vijana wa bodaboda walijue hili hasa, maana wao ndio wa kwanza kupita mvua ikikatika.

Mlima hutoa dalili kabla haujashuka. Si kila mara, lakini mara nyingi. Juu shambani unaona ufa wenye umbo la mwezi mchanga, na upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwingine. Mti uliokuwa wima umeinama. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo, au iliyokuwepo inatoa maji ya tope. Ukuta wa barabara unatoa kitambi. Mwenye nyumba analalamika mlango haufungi, anamwita seremala, kumbe msingi ndio uliosogea. Mama zetu wanaolima tangawizi huziona dalili hizi mapema kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kwamba hawana wa kumwambia ambaye atajua ufa upi ni wa ukame tu na upi ni wa hatari.

Sasa nizungumzie ule ukuta, maana najua umekaa mioyoni mwa watu. Wazee wanakumbuka kwamba tulishawahi kujenga mmoja kwa michango yetu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga picha za uzinduzi. Ulikuwa ukuta mzuri wa mawe yaliyopangwa na kupigwa saruji vizuri. Ulisimama misimu miwili. Msimu wa tatu ukalala barabarani. Hakuna aliyeiba saruji. Tulijenga bila kuacha matundu ya kutosha ya kutolea maji, na bila mtu kuchimba kujua mwamba uko kina gani. Maji yalijaa nyuma ya ukuta kama yanavyojaa kwenye ndiva, na ukuta wenyewe ukageuka kuwa mzigo juu ya udongo uliokwisha kulegea. Nilikuwa na ujuzi wa kuliona hilo, na sikusema, kwa sababu kila mtu alikuwa na furaha. Kwa hiyo nikisema leo tusijenge mwingine kabla ya kupima, nazungumza kama mdaiwa.

Nimeitaja ndiva makusudi. Babu zetu walichimba ndiva wakaweka na taratibu zake: maji yajae usiku, yafunguliwe asubuhi, na awepo wa kuizungukia kuona kama ukingo unavuja. Panya akitoboa ukingo, habari zilifika siku hiyo hiyo. Barabara tulizozianzisha kwa msaragambo, kwa majembe na sururu, hatukuziwekea mtu wa namna hiyo. Tukishamaliza kuchimba tulirudi nyumbani. Na niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu: kuna mifereji ya kumwagilia inayopita juu ya barabara na inavuja mwaka mzima. Mteremko ule unakunywa maji hata kiangazi. Mhandisi akija, moja ya mambo ya kwanza atakayouliza ni mfereji huu ni wa nani. Tujiandae kujibu, maana wenyewe ni ndugu zetu, na wengine ni sisi.

Mhandisi huyo atafanya nini hasa? Ziara ya kwanza iwe Oktoba kabla vuli haijakolea, ya pili Februari kabla ya masika. Atatembea kwa miguu. Atauchora kila mteremko ulio hatarini na kuupa namba. Mahali penye ufa atapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na kijana wa kijiji atapima umbali kati yao kila wiki kwa futi ya fundi na kuandika kwenye daftari. Ukiongezeka kwa kasi, anapiga simu. Kutakuwa na kipima mvua katika shule, mwalimu na wanafunzi wanasoma kila asubuhi. Sehemu mbaya zaidi zinaweza kutobolewa na kuwekwa bomba la kuonyesha maji yamepanda kiasi gani ardhini. Kuna vyombo vya gharama kubwa zaidi, kuna hata vipimo vya setilaiti, lakini hatuanzi huko. Vigingi, futi na daftari vinaweza kutuambia mengi, alimradi awepo mtu mwenye elimu anayelisoma lile daftari.

Na awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hili nalisisitiza. Kila familia humu ina kijana aliyesoma ujenzi, na nawapenda wote, lakini mhandisi wa majengo si mhandisi wa miteremko, kama ambavyo daktari wa meno hatakupasua moyo.

Mtaniuliza, hiyo si kazi ya Serikali? Ni kazi yake. Barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, na zetu nyingi za kupanda vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Mnapoweka mafuta kwenye bodaboda au kwenye Noah mnachangia pia: tangu mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Lakini TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. Meneja wa wilaya akiwa na fedha za kalavati nne na maombi arobaini, atapeleka kule kwenye ushahidi. Sisi tunampelekea picha za WhatsApp za kifusi. Tukimpelekea ripoti yenye namba ya mteremko, vipimo vya miezi sita na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, tunakuwa tumembadilishia mazungumzo. Tutafanya kwa barua na kibali chake, hatuendi kutoboa barabara ya umma kama wezi wa nyaya.

Hili la kuipa miteremko namba sijalibuni. Hong Kong, mji wa milima na mvua kubwa, ulipoteza zaidi ya watu 130 kwa siku moja ya Juni 1972, miteremko miwili iliposhuka. Mwaka 1976 wakafa wengine 18. Mwaka 1977 Serikali yao ikaanzisha ofisi ya wahandisi wa aina hii, kazi yao kutazama miteremko tu. Leo kila mteremko uliochongwa na binadamu una namba katika orodha yao, ni makumi ya maelfu, na vifo vimepungua sana. Wao ni matajiri, najua. Walichoanza nacho kilikuwa orodha.

Kuna gharama ambayo haitalipwa kwa fedha. Mhandisi anaweza kusema shamba fulani juu ya barabara lisilimwe tena, lipandwe miti. Anaweza kusema nyumba fulani ihame. Itakuwa nyumba ya mjomba wa mtu aliyekaa humu. Siku hiyo tusimwachie mwenyekiti wa kijiji peke yake. Ndiyo maana naomba sehemu ya mchango iwekwe kando kwa ajili ya kumsaidia atakayehamishwa, hata kama ni mabati na usafiri wa vitu vyake. Tukimlipa mhandisi bila kutenga hiyo sehemu, ripoti yake itatugombanisha na haitatekelezwa.

Kuhusu kijiko, sisemi tukifute. Mgonjwa akikwama, gunia la tangawizi likioza njiani na dalali akishusha bei, kifusi lazima kiondolewe. Ila mwendesha kijiko akiondoa kifusi cha chini bila maelekezo, anaweza kuwa anaondoa kitu pekee kilichoushikilia mlima usishuke tena. Nimeshaona hivyo. Aliyekuwa akiendesha aliruka akapona.

Viwango vya mchango viko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina ana fomu za kulipa kwa simu. Ninachohitaji leo zaidi ya fedha ni majina: kila kijiji, kijana mmoja na mama mmoja wanaoishi kule kule, si hapa mjini, watakaotembea na mhandisi Oktoba na kubaki na daftari. Mwenyekiti, nimemaliza, nakaribisha maswali. Najua la kwanza litakuwa la ule ukuta.