Njia ya Gizani

Somo letu ni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, kifungu cha 4 hadi cha 9.

Katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, ng'ambo ya mji wa Kitale, kuna pango liitwalo Kitum. Limeingia mlimani kadiri ya mita 200. Watu hutoka mbali kuja kulitazama, nasi tulifika huko wakati wa likizo ya Agosti, tulipopiga kambi mbugani pamoja na vijana wa kanisa.

Mlangoni mwa pango mna mwanga wa kutosha. Ukienda mbele kidogo mwanga wapungua; ukizidi kwenda, huoni hata mkono wako mwenyewe. Kiongozi wetu alituomba tuzime tochi. Vijana waliokuwa wakicheka wakanyamaza kimya. Kisha akawasha yake, akatuonyesha ukuta uliojaa alama, kana kwamba umechimbwa kwa sururu. Lakini si kazi ya sururu. Ni kazi ya pembe za ndovu.

Mwamba wa pango hilo una chumvi, na majani ya mlimani hayana chumvi ya kutosha. Kwa hiyo ndovu huja usiku, wakubwa kwa wadogo, wakaingia katika giza lile pasipo taa, wakipapasa njia kwa mikonga yao. Huuvunja mwamba kwa pembe na kuusaga kwa magego. Mtoto wa ndovu huenda karibu sana na mama yake. Na yafaa aende karibu, maana humo ndani mna ufa mkubwa, na watoto wa ndovu wamewahi kutumbukia humo wakafa.

Mtoto yule aijuaje njia? Hakuna aliyesimama nje penye jua akamwonyesha kwa kidole, "Nenda huko, utapata chumvi." Hujifunza kwa kwenda na mkubwa wake gizani, mara nyingi, mpaka akaijua.

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu twawaonyesha watoto njia kwa kidole. Jumapili twampa mtoto sarafu ya sadaka, twamwambia aende shule ya Jumapili, na sisi twabaki nyumbani. Au twaenda naye, lakini mahali atuonapo tukiomba ni kanisani tu, penye mwanga, tumevaa nguo safi. Je, giza liingiapo nyumbani? Mvua ikikosa, baba akiachishwa kazi, mama akilazwa hospitali, mtoto husikia nini? Husikia ugomvi, au minong'ono ya kwenda kwa mganga. Basi siku moja giza lake mwenyewe litamfikia, naye hatajua pa kuweka mguu.

Musa aliwaagiza Waisraeli wayatie maneno ya Mungu kwanza mioyoni mwao wenyewe, kisha wawafundishe watoto nyumbani na njiani, usiku na asubuhi. Naye Timotheo hakuianza imani peke yake. Paulo alipoitaja imani ya kijana huyo, aliikumbuka kwanza ile ya bibi yake Loisi, kisha ya mama yake Eunike.

Leo, kabla ya kuzima taa, mwite mtoto wako. Mweleze taabu iliyo nyumbani, kwa kadiri ya umri wake, kisha mwiombee pamoja. Usingoje mpaka upate majibu. Mama ndovu hana taa. Aijua njia tu, na mtoto yu ubavuni mwake.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye gizani kama mchana, utushike mkono sisi wazazi na wazee, ili watoto watufuatao wasianguke, bali wafike kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.