Haki ya Mtoto Mgeni Mbele ya Daktari wa Meno



Familia nyingi hushuka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole, zikapanga vyumba Morogoro mjini ili kutafuta riziki. Watoto wao huumwa meno kama watoto wengine, lakini njia yao ya kufikia tiba ni nyembamba.

Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa. Hata hivyo, magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Yaani msamaha hukoma kabla tu ya kuota jino la kumfaa maisha yake yote. Baada ya hapo, fukara husamehewa akithibitishwa na viongozi wa mtaa wake. Je, ni nani atakayemthibitisha mgeni asiyejulikana? Mzazi hungoja, na jino ambalo lingezibwa huishia kung'olewa.

Tena, mtoto mchanga akiharisha, wapo wanaodai ana "meno ya nailoni", wakamchokonoa ufizi kwa chombo kichafu. Ugonjwa huo haupo. Jeraha hilo linaweza kumwua mtoto.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa matumaini. Lakini jino linalouma leo halingoji. Basi kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue wapangaji wapya, iwasindikize kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, mpaka mtoto atibiwe.