Mafunzo kwa Wagonjwa wa Kisukari



Insulini ilitumika kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Mgonjwa aliyekuwa akingoja kufa akapata kuishi, ila kwa sharti zito: aidunge dawa hiyo kila siku, nyumbani kwake. Daktari humwona dakika chache kwa mwezi. Siku zilizobaki mgonjwa ndiye tabibu wa nafsi yake. Kwa hiyo muuguzi au mtaalamu wa lishe anayemfundisha hafanyi kazi ya ziada. Bila ya mafunzo, chupa ile yaweza kumdhuru.

Mkaazi wa mjini Unguja yu karibu na Hospitali ya Mnazi Mmoja, na jokofu si jambo geni kwake. Mtihani mkubwa zaidi uko bara, kwa mfano Jorodom, katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, kwenye wakulima na wafugaji. Hospitali mashuhuri ya upande huo ni Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Nyumba nyingi za vijijini hazina jokofu. Kumwambia mgonjwa wa huko "weka dawa penye baridi", kisha kumwacha aende zake, ni sawa na kutomwambia neno. Mwalimu hodari humwuliza kwanza nyumbani mna nini. Vyungu viwili hutosha: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliorowa maji kati yao, vikawekwa kivulini penye upepo. Havifikii baridi ya jokofu, lakini hupunguza joto.

Linalohitaji kufundishwa zaidi ni kushuka kwa sukari. Aliyejidunga insulini asile kwa wakati huweza kutetemeka, kutoka jasho na kusema yasiyoeleweka, jamaa wakadhani amelewa au amepagawa. Ikiwa anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Saa hiyo mgonjwa hawezi kujisaidia, hivyo somo hili ni la mke, mume na watoto wakubwa pia.

Anayetumia insulini na kunuia kufunga Ramadhani aonane na wataalamu kabla mwezi haujaandama, wala asibadilishe dawa kwa shauri lake.

Wakuu wa vituo vya afya wanaombwa kuwapatia wauguzi hao chumba na muda. Somo hili halifundishiki kwenye dirisha la dawa, foleni ikiwa nyuma ya mgonjwa.