Jumba la Sinema la Finsbury Park na Jukwaa Lake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni, jioni ya jubile)



Kamati ya sikukuu imeniagiza niseme maneno machache juu ya sinema na michezo ya jukwaani, kabla ya vijana wetu kutuonyesha mchezo wao. Mwanzoni niliwaza kuzungumza juu ya filamu za wamisionari, maana wazee wengi walio hapa wanacheka hata leo wakisikia majina ya Matamata na Pilipili, wale wacheshi wawili ambao Padri Albert van Haelst wa shirika la Scheut aliwapiga filamu kule Kasai katika miaka ya 1950. Lakini habari hizo mnazijua kuliko mimi. Nimechagua afadhali habari za jumba moja la mbali, katika mji wa London, huko Uingereza. Sababu yake mtaiona baadaye, kwa kuwa inagusa shauri moja lililo bado mezani mwa Baraza letu.

Jumba hilo liko Finsbury Park, mtaa wa upande wa kaskazini ya mji ule, penye pembe ya barabara mbili ziitwazo Seven Sisters Road na Isledon Road. Msifikiri ya kuwa palikuwa mahali pa wakubwa. Walikaa huko makarani, mafundi, wauza duka, na watu wa kazi za mikono. Lakini palikuwa na neno moja: gari la moshi lipitalo chini ya ardhi lilikuwa na mwisho wake hapo, toka mwaka wa 1906 hata 1932. Watu walishuka, wakatafuta tramu au basi ya kuwapeleka mbele zaidi. Ninyi mnaojua stasheni zetu mnafahamu maana yake. Penye watu kungoja, hapo mwenye karanga hakosi, wala mwenye chai.

Basi kampani moja ya sinema ikaona faida. Kwa muda wa miezi kumi na minne hivi ilifungua majumba manne makubwa katika mitaa ya kando ya London, yote yakiitwa Astoria, yote kwa ramani za mtu mmoja, Edward Stone. La kwanza lilifunguliwa Brixton, tarehe 19 Agosti 1929. Mwaka wa 1930 likafuata la Old Kent Road, kisha la Streatham, na la mwisho ni hili letu la Finsbury Park, tarehe 29 Septemba. Ndugu wanne wa tumbo moja, twaweza kusema, na tutaona namna kila mmoja alivyopata njia yake.

Ukitazama jumba la Finsbury Park kwa nje, husemi kitu. Ni ukuta mpana, mtulivu, wenye kupakwa rangi. Mambo yalikuwa ndani. Mwenye kununua tikiti aliingia kwanza katika ukumbi wa kungojea, akakuta birika la umbo la nyota, na maji yakiruka katikati. Baada ya hapo akaingia katika ukumbi wenyewe, wenye viti karibu 4000. Hebu yahesabuni mabenchi ya kanisa letu, ndipo mtafahamu hesabu hiyo! Dari ilipakwa rangi ya mbingu za usiku, ikawekwa taa ndogo ndogo kama nyota. Pande zote mbili na juu ya jukwaa walijenga, kwa chokaa na mbao, mfano wa mji wa Hispania ya zamani za Waarabu: nyumba zenye paa za vigae, minara, na madirisha yenye kuwaka taa. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akiandika hesabu za wengine alikaa hapo kwa pesa kidogo, kama ameketi uwanjani katika mji wa nchi ya jua, jioni, hewa ikiwa safi. Kuna wataalamu waliocheka mapambo hayo, wakiyaita uongo wa chokaa. Mimi siwezi kuwacheka watu wale. Nyumbani kwao wengi walikuwa na chumba kimoja au viwili, na moshi wa makaa.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana nafika penye shina la habari. Jumba hili lilijengwa kwa ajili ya sinema, lakini nyuma ya kitambaa cheupe walijenga pia jukwaa kamili. Palikuwa na shimo la wapiga vinanda mbele yake, vyumba vya wachezaji kuvaa nguo, kamba za kupandisha na kushusha mapazia. Kwa nini? Kwa sababu siku zile filamu peke yake haikutosha. Mtu alilipa mara moja tu akaona filamu, kisha wachezaji wa ngoma, waimbaji, watu wa sarakasi, tena akasikia kinanda kikubwa cha mabomba.

Kumbe, wakati ule ule ambapo mafundi walikuwa wakipiga misumari ya jukwaa, sababu yake ilikuwa imeanza kufa. Filamu za kusema zilikuwa zimekwisha kufika. Jumba la Brixton lilifunguliwa kwa filamu yenye sauti, nayo ni The Singing Fool ya Al Jolson. Filamu ikiimba yenyewe, nani atakayeendelea kulipa mishahara ya waimbaji kila juma? Katika miaka iliyofuata michezo ya jukwaani ikapungua pole pole, na jukwaa likabaki gizani nyuma ya kitambaa. Mwenye hesabu kali angaliweza kusema: tumetupa mali yetu bure.

Miaka ikapita, vita ikapita. Mwaka wa 1946 Waingereza walinunua tikiti za sinema zaidi ya milioni 1600. Haijatokea tena hesabu kama hiyo huko kwao. Kisha televisheni ikaingia nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1960 tikiti zilikuwa milioni 500 tu, na mwaka wa 1971 hazikufika hata milioni 200. Tia watu mia tatu katika ukumbi wa watu elfu kadhaa, jioni ya baridi, nawe ulipie moto, taa na wafagiaji. Hapo ndipo majumba mengi ya mitaani yalipofungwa au kubomolewa.

Lakini Finsbury Park palikuwa na lile jukwaa. Wakalikumbuka. Walianza kuondoa kitambaa siku moja moja, wakakaribisha waimbaji. Toka tarehe 24 Desemba 1963 hata 11 Januari 1964 vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walitoa hapo maonyesho 30 ya sikukuu ya Noeli, wakichanganya nyimbo na vichekesho vya kuigiza. Tarehe 31 Machi 1967 Jimi Hendrix, mpiga gitaa Mweusi wa Marekani, aliwasha moto gitaa lake juu ya jukwaa hilo. (Vijana, msijaribu. Magitaa ya kwaya ni mawili tu.) Mwaka wa 1970 jumba likapewa jina la Odeon, na mwezi wa Septemba 1971 sinema ikafungwa kabisa. Tarehe 4 Novemba mwaka ule ule milango ikafunguliwa tena kwa jina jipya, Rainbow Theatre, yaani Jumba la Michezo la Upinde wa Mvua, na kundi la The Who ndilo lililoanza.

Hata shimo la wapiga vinanda la mwaka wa 1930 lilikuwapo bado, na mtu mmoja alilijua kwa uchungu. Mwezi wa Desemba 1971 Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, alisukumwa na mtu aliyeruka kutoka kwa watazamaji, akaanguka ndani ya shimo lile. Alivunjika vibaya, akakaa miezi mingi katika kiti cha magurudumu. Tena, siku sita tu kabla ya hapo, vyombo vya kundi lake vilikuwa vimeteketea katika moto wa ukumbi mmoja huko Uswisi. Na mwezi wa Juni 1977 Bob Marley, ambaye hapa petu hata watoto wanaimba nyimbo zake, alisimama juu ya mbao zile zile usiku kwa usiku.

Msidhani ya kuwa jina jipya lilileta fedha nyingi. Haikupita miezi mitano toka kufunguliwa, walioanzisha kazi walishindwa na madeni. Wengine wakashika, nao wakafunga, wengine tena wakafungua mwaka wa 1977. Jumba la namna hiyo linakula fedha kila siku, hata siku lisipofunguliwa: paa, mabomba, nyaya za umeme, chokaa inayodondoka. Mwaka wa 1974 serikali ililiandika katika orodha ya majengo ya kutunzwa, hata mtu asiweze kulibomoa wala kuligeuza apendavyo. Sheria hiyo ni njema, nami naisifu. Ila sheria haitoi fedha ya kununua vigae. Tarehe 24 Desemba 1981, siku ya kukesha Noeli, wakapiga muziki mara ya mwisho, kisha milango ikafungwa. Jumba likakaa karibu miaka kumi na minne bila kazi ya kudumu.

Mwaka wa 1995 likanunuliwa na dhehebu moja lililoanzishwa nchini Brazili mwaka wa 1977, Kanisa la Ulimwengu la Ufalme wa Mungu, ambalo linasalisha humo. Hapa naona wengine wanatabasamu. Ndiyo, hata katika miji yetu ya Kongo, kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi, makanisa ya uamsho yamekwisha kuingia katika majumba ya sinema ya zamani. Mafundisho yao sikuitwa leo kuyapima. Lakini haki ni haki: walitengeneza mapambo, wakarudisha uzuri wa ndani. Na mhubiri wao anasimama wapi? Juu ya jukwaa lile la mwaka wa 1930.

Na wale ndugu wengine watatu? Astoria ya Old Kent Road ilifungwa mwaka wa 1968, ikabomolewa mwaka wa 1984. Nayo ilikuwa na jukwaa, nasema hili wazi, mtu asije akafikiri ya kuwa jukwaa ni dawa. Ile ya Streatham iliendelea na sinema hata baada ya mwaka wa 2000, lakini walifuta mapambo yake ya Kimisri, wakaukata ukumbi kuwa vyumba vidogo.

Ile ya Brixton ilikuwa karibu kufa. Sinema ilifungwa mwaka wa 1972, wakajaribu muziki kwa miezi michache tu, kisha jumba la watu elfu nne likawa ghala ya vyombo. Mwaka wa 1983 kijana mmoja alilipata kwa paundi moja ya Kiingereza, kwa sharti la kuuza pombe ya kampani iliyokuwa nalo. Sharti hilo sisi tusingeweza kulikubali hapa, Baba Paroko asiwe na wasiwasi! Kwa njia hiyo Brixton Academy ikawa ukumbi wenye sifa kubwa ya muziki. Lakini mwezi wa Desemba 2022 watu wengi walisongamana mlangoni, wengine bila tikiti, na watu wawili wakafa. Jumba likafungwa kwa amri, wala halikufunguliwa tena mpaka Aprili 2024, baada ya mambo ya milango na walinzi kutengenezwa upya. Ndiyo sababu leo nimewaomba walinzi wetu wafungue mlango wa kando, ule uliozuiwa na makabati, nao wamefanya hivyo. Nawashukuru.

Sasa narudi kwa shauri letu. Ukumbi huu tulimo ulijengwa kwa ajili ya filamu, na wote mnajua ya kuwa filamu hazionyeshwi tena humu, maana kila kijana anayo sinema yake katika simu. Katika Baraza imesemwa mara mbili kwamba jukwaa livunjwe, tupate mahali pa mistari mitatu ya viti, kwa sababu ya arusi na mikutano. Waliosema hivyo si wapumbavu. Arusi zinaleta fedha, na paa la nyumba ya Masista linavuja.

Lakini nimewaeleza habari za watu waliojenga jukwaa, wakaliacha gizani kwa miaka mingi, kisha siku filamu iliposhindwa kulilisha jumba, wakalikuta lipo. Kama wangalilivunja ili kuongeza viti, viti hivyo vingalikaa vitupu mwaka wa 1971 pamoja na vingine. Ninaomba basi Wazee wa Baraza wangoje kwanza mpaka mwisho wa mwaka, wahesabu ni jioni ngapi vijana, kwaya na akina mama wanapanda hapa, na ni arusi ngapi kweli zilikosa nafasi. Hesabu hiyo ikiisha, na wakate shauri.

Kwa leo, wachezaji wapande kwa upande wa kuume. Kwa upande wa kushoto mbao tatu zimeoza, na fundi hakuweza kuzibadilisha kabla ya sikukuu.